Viti Viwili vya Mzee wa Tenisi

Habari za kifo chake nilizipata stendi ya Handeni, kwa mdomo wa kondakta, tena kwa kelele. Nilikuwa nimesimama nje ya duka la dawa na kifuko changu cha vidonge vya presha, basi la Korogwe likawa linatoka, na kondakta aliyenizoea tangu nilipokuwa abiria wake wa kila wiki akachomoza kichwa mlangoni. "Mwalimu! Yule mzee wako wa tenisi amefariki! Kesho wanampandisha kwao Dindira kumzika!" Basi halikusimama, likakata kona na kuniachia vumbi. Mama mmoja muuza ndizi akanitazama, akaniambia pole sana baba, ndugu yako? Nikasema hapana, rafiki tu, halafu nikatafuta ukuta wa kuegemea. Umri wangu huu habari za kufiwa huja kila wiki, na mtu hujifunza kuzipokea huku akiendelea na shughuli zake. Ila lile neno "wako" sikuweza kulipokea hivyo. Kijana wa watu hakujua kwamba kwa miaka mitatu sikuwa nimemtembelea yule mzee hata mara moja, na kwamba mwenye makosa ni mimi.

Wasomaji wangu mnaonijua mnajua sipendi kutaja majina ya watu kwenye safu hii. Nimejisifia tabia hiyo mara nyingi, na leo mtaona imenifikisha wapi. Basi naye simtaji. Alikuwa Msambaa wa Dindira aliyeteremka ujanani kutafuta kazi kwenye mkonge, akaishia Ngombezi, karibu na Korogwe, kwenye korona, yaani kile kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge. Alianza kwa kubeba mizigo, na miaka thelathini ya mwisho alikuwa mpanga madaraja. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zikishakauka na kuchanwa, mafungu yaliletwa mezani kwake; yeye hulishika fungu, hulinyoosha, huliinua kwenye mwanga wa dirisha, halafu hutamka: daraja la kwanza, la pili, la tatu, takataka. Akishatamka, hakuna wa kubisha, awe mchanaji au msimamizi. Mimi nilimfahamu akiwa amekwisha kustaafu, mjane, watoto wako Dar es Salaam, anaishi chumba kimoja na jogoo mmoja asiye na adabu.

Tulikutana kwenye duka la kubeti. Naam, mmesoma sawasawa. Enzi hizo kliniki yangu ya presha ilikuwa Korogwe, kila Alhamisi, na nikishapimwa nilikuwa na saa tatu za kungoja basi la kurudi Handeni. Duka lile lilikuwa na feni na viti, na mimi joto siliwezi. Vijana walijazana upande wa televisheni kubwa wakipigia kelele mpira wa miguu wa nchi za watu, kila mmoja na mkeka wake, tiketi moja ya mechi kumi na tano, mkeka ambao mechi moja ikienda kombo wote umechanika. Pembeni, karibu na mlango wa stoo, palikuwa na televisheni ndogo isiyotazamwa na mtu, na chini yake viti viwili vya plastiki, kimoja cheupe, kingine cha bluu chenye ufa mguuni. Yeye alikaa cheupe, anatazama tenisi, ameinama mbele utadhani anasomewa hukumu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba bila kugeuka, akagongagonga kile cha bluu kwa kiganja. "Keti. Ila usiegemee, kinavunjika. Halafu nisaidie: huyu mrefu, bei yake ni yake kweli?"

Sikuelewa hata kidogo, akanifundisha. Kwa asiyejua, nami nimfundishe kidogo. Katika tenisi wako wawili tu, hakuna sare, kwa hiyo duka linampa kila mmoja namba, ndiyo odi. Anayetarajiwa kushinda hupewa odi ndogo, na ukimwekea pesa unapata faida kiduchu. Anayetarajiwa kushindwa hupewa odi kubwa, na akishinda unacheka. Wazee wengi huchanganyikiwa hapo, wanadhani namba kubwa ndiyo ya mkubwa. Yeye alielewa siku ya kwanza, maana kwenye mkonge nako daraja la kwanza ndilo bora na namba zinavyopanda ubora unashuka. "Sasa vijana hawa," aliniambia, akionyesha kwa kidevu, "wanauliza nani atashinda. Hilo si swali. Nani atashinda ajuaye ni Mungu. Swali ni kwamba duka limeandika moja nukta mbili kwa huyu mrefu, maana yake wakikutana mara kumi, atashinda nane na zaidi. Je, ni kweli nane? Mimi nikipima nikaona sita, basi wamemchana vizuri akaonekana daraja la kwanza, kumbe la tatu."

Na alikuwa na namna yake ya kupima ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kwanza kabisa, kila mmoja wetu alitetea mchezaji mmoja. Wa kiti cheupe alimtetea mwenye odi ndogo, wa kiti cha bluu mwenye odi kubwa, upende usipende. Tulisema yote: uwanja ni wa udongo au wa majani au sakafu ngumu, nani juzi kacheza saa nne nzima juani, nani katoka kusafiri, nani ni wa mkono wa kushoto. Maneno yakiisha, yeye huinuka. "Haya, tubadilishane." Tunahama viti, halafu kila mtu anamtetea yule aliyekuwa akimponda! Mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia mzee, haya si mambo ya watu wazima. Akanionyesha televisheni. Wachezaji walikuwa wamepumzika, wamekunywa maji, sasa wanavuka kwenda upande wa pili. "Unaona? Wanabadilishana ili jua na upepo visimwonee mmoja. Wewe ukipima ukiwa umekaa kiti kimoja, hujapima. Umeshabikia."

Nikumbuke mechi moja tu, niwaonyeshe. Alhamisi nyingine yule mrefu alirudi kwenye televisheni, mwenye mkono mzito wa kuanzisha mpira, odi yake tena moja nukta mbili. Mwenzake alikuwa kijana mfupi wa kushoto, nchi yake hata kondakta wetu asingeijua, odi yake nne na nusu. Mzee wangu ndiye aliyekuwa kiti cha bluu. Akasema mrefu ametoka kucheza fainali Jumapili kwenye sakafu ngumu, akapanda ndege, leo yuko kwenye udongo, miguu haijazoea kuteleza. Na mfupi ameshacheza mechi tatu za mchujo papo hapo, udongo ameula. "Halafu mtazame mrefu akikosa. Anatazama jukwaani kwa watu wake, anaomba ruhusa. Huyu mfupi hana wa kumtazama. Viti vyake vitupu. Hata mama hajaja." Tukabadilishana. Nikamtetea mfupi, naye akamtetea mrefu kwa moyo wote, akasema seti zikifungana mwisho ni mkono tu, na mkono anao. Nikabisha, nikasema mkono unachoka. Akajikuna shavu. "Mwandishi, hapo umenishika." Basi tukachangishana elfu moja moja, tukampa mfupi.

Mfupi akashindwa. Alichukua seti ya kwanza, ya pili ikafungana akaikosa, ya tatu mrefu akapiga mipira minne ya kuanzia ambayo hata ningekuwa na macho ya ujana nisingeiona. Mimi nikaguna, loo, elfu yangu. Mzee akakunja ile tiketi taratibu na kuitia mfuko wa shati. "Tumepima vizuri. Hakuwa wa nne na nusu yule. Kupima vizuri na kushinda ni vitu viwili, nilikuwa nawaambia hata kiwandani." Halafu tukaenda kunywa chai. Ndiyo ilikuwa desturi: tukishinda, chai na chapati, tukishindwa, chai kavu. Elfu moja yake na elfu moja yangu, Alhamisi kwa Alhamisi, haikuzidi hapo hata siku moja. Ikamateni hiyo elfu moja, wasomaji, nitaihitaji mbele.

Mtu wa Ngombezi kaijulia wapi tenisi? Shamba lile, enzi za wakubwa wake wa zamani, lilikuwa na klabu ya mameneja, na klabu ilikuwa na uwanja. Ujanani alikuwa akiufagia Jumamosi na kuchora mistari kwa chokaa, halafu anasimama nje ya waya kuangalia. Siku moja alinipeleka. Nyufa zimeota majani, nguzo moja ya wavu ipo, nyingine imeliwa na kutu, na katikati akina mama wameanika makopa ya muhogo. Akatembea kwenye mstari ambao mimi sikuuona, mguu mbele ya mguu, bila kukanyaga muhogo wa mtu. Akaniambia kitu kilichonifanya nimtazame upya. Alisema kwenye mpira wa miguu ukichoka unatolewa, anaingia mwenzako; hapa ukichoka unakwenda kukaa kwenye kiti chako, unafuta jasho, unatazama mbele, na baada ya dakika moja na nusu unarudi wewe yule yule. "Tangu mama wa watoto afariki, ndivyo ninavyoishi," alisema. "Narudi mimi yule yule." Miaka thelathini watu walisimama mbele ya meza yake wakingoja atamke neno. Sasa, alisema, hata jogoo hangoji. Nikamtania nikamwambia Wasambaa mmezidi kulia, angekuwa Mzigua kama mimi angekwisha oa wa pili. Akacheka mpaka akakohoa. Huyo ndiye mtu niliyekuwa naye, na laiti ningejua.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Miaka mitatu iliyopita niliandika kwenye safu hii hii makala ya kukemea kubeti. Sababu ilikuwepo, tena nzito, na sijaifuta. Pale Mkata kijana mmoja wa bodaboda aliuza pikipiki ambayo hata haikuwa yake, akaziingiza pesa zote kwenye mkeka, mkeka ukachanika, na mama yake akabaki anauza shamba la mahindi kulipa. Wako wengi wa namna hiyo. Ukipita Handeni mpaka Korogwe utaona vijana wenye nguvu wameinamia simu mchana kutwa, jembe limeegemezwa ukutani, kila mmoja anangoja mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, amfungie bao. Kazi tulizozijua sisi zilikuwa ngumu na malipo yake duni, lakini mtu alijua nani anampima. Leo kijana anapimwa na mashine, na mashine haimwambii kwa nini ni daraja la tatu. Hayo niliyaandika, na yalikuwa kweli.

Tatizo nilitaka mfano. Yule wa bodaboda nilimwogopa, ana wenzake, na mimi hupita Mkata. Mzee wa watu alikuwa karibu na kalamu. Nikaandika, nanukuu nafsi yangu bila fahari: "Yuko mzee mmoja mjane mjini Korogwe, aliyepima singa maisha yake yote, leo anapima bahati mbele ya televisheni, akitafuna kiinua mgongo chake." Sikutaja jina. Kuna wapima singa wangapi wajane Korogwe wanaotazama tenisi? Na ile elfu moja sikuiandika. Nilijua ningeiandika, makala ingelegea. Nani angemhurumia mtu anayetumia kwa wiki pesa isiyofika nusu kilo ya nyama? Nikaiacha nje, kwa makusudi, na makala ikasifiwa. Mhariri alinipigia mwenyewe. Watu walinisimamisha barabarani, mwalimu umegonga msumari, umesema kweli.

Na kuna jambo jingine nililoliacha nje, hili sijamwambia mtu. Wakati ule watu wa Handeni walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mwalimu ameonekana Korogwe akitoka duka la kamari. Mimi ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Ijumaa moja baada ya sala jirani yangu aliniuliza kwa upole, upole ule unaoumiza, eti huko kliniki siku hizi wanapimia wapi? Wiki ile ile nikakaa na kalamu. Makala ilipotoka minong'ono ikaisha. Nani angemdhania mtu aliyeandika makali yale? Kwa hiyo nilipoandika juu ya mzee wa kiti cheupe, kiti cha bluu nilikiondoa kabisa dukani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na mimi niliurusha nikiwa nimesimama ubavuni mwa nguruwe mwenyewe.

Nikahamisha kliniki. Daktari aliponiuliza sababu nikasema nauli. Mwaka mzima ukapita, halafu siku moja tukakutana Mkata, pale mabasi yanaposimama na akina mama kuleta machungwa madirishani. Yeye alikuwa akingoja gari la kurudi Korogwe. Nilimwona kabla hajaniona, na niseme kweli, nilifikiri kujificha nyuma ya lori. Akageuka. "Mwandishi." "Shikamoo mzee." "Marahaba. Presha?" "Inatulia." Alikuwa anamenya chungwa, akalikata, akanipa nusu. Tukala. Halafu akasema, "Nimesoma." Nikababaika, nikasema mzee wangu, mimi sikutaja jina. Akatema kokwa. "Hukutaja. Hata lako hukutaja." Hakupandisha sauti. Akasema tu kwamba niliandika nikiwa nimekaa kiti kimoja, na kwamba alidhani alinifundisha. Gari lake likaja. Akiwa mlangoni akageuka, "Mimi Alhamisi nipo." Nikasema nitakuja, inshallah. Ewe Mola nisamehe, lile neno nililitumia kama watu wanavyolitumia wasipotaka kwenda.

Dindira nilipanda kwa pikapu ya waombolezaji, katikati ya mashamba ya chai, ukungu umeshuka hadi barabarani. Mzigua wa bondeni nilitetemeka, mama mmoja akanitupia khanga mabegani. Walimzika mchana, padri akasoma, wanakwaya wakaimba kwa Kishambaa, nikaelewa nusu. Baada ya udongo kujaa, akanijia mwanamke wa makamo, macho mekundu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba. Wewe ndiye mwalimu unayeandika gazetini?" Nikaitika. Alikuwa binti yake mkubwa. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Ndiyo, akanishukuru! Alisema aliisoma ile makala akiwa Dar es Salaam, mtu alimtumia kwenye simu, akalia, akapanda basi siku ile ile akaja kumnyang'anya baba yake kadi ya benki. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akimtumia matumizi, unga, sabuni, mafuta ya taa, kila kitu kwa kipimo. "Mwanzo alinuna, baba. Alisema hata sabuni niombe kwa mwanangu? Lakini hakubeti tena mpaka anakufa. Ulituokolea mzee wetu. Mungu akubariki." Watu walikuwa wanatuangalia. Nikasema poleni sana mwanangu, Mungu ampumzishe. Nikapokea shukrani zake zote, nikateremka nazo mlimani.

Korogwe sikuweza kupanda basi. Miguu yenyewe ilinipeleka dukani. Ilikuwa Alhamisi, sikupanga. Feni ile ile, kelele zile zile, televisheni ndogo pembeni, viti viwili. Kwenye dirisha la tiketi alikuwa binti mhudumu aliyekuwa akitukatia tiketi enzi zile, sasa amenenepa kidogo. Akanikazia macho. "Shikamoo. Si wewe ndiye wa kiti cha bluu?" Nikamwambia mzee amezikwa leo. Akaweka kalamu chini, akashika mdomo. Kumbe hakuwa na habari. Alidhani ni homa, Alhamisi mbili hakuonekana. Nikamuuliza, mbona binti yake anasema aliacha kubeti? "Aliacha, hakuwa na hela. Alikuja kuniambia, mwanangu, sina cha kuweka, naruhusiwa kukaa? Nikamwambia mzee kaa, kiti hakilipiwi."

Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa anapima tu. Anakaa hicho cheupe, anaongea, anamtetea mchezaji wake. Halafu anainuka, anahamia cha bluu, anajijibu. Mwanzo vijana walimcheka, wakasema mzee amerukwa na akili. Baadaye wakazoea, wengine wakawa wananyamaza wasikilize. Kuna siku anabishana kweli, mpaka anakasirika. Halafu anarudi kiti chake, anajikuna shavu hivi, anasema..." Akaushika tena mtandio. Nikamwambia sema, mwanangu. "Anasema, 'Mwandishi, hapo umenishika.'"

Nilikaa. Sikugusa kile cheupe. Nilikaa kile cha bluu, bila kuegemea, na kwenye televisheni kulikuwa na watu wawili waliovaa nguo nyeupe, nchi gani sijui, mmoja anadundisha mpira, mwingine anangoja. Miaka mitatu mtu niliyemvunjia heshima alikuwa akinipa zamu ya kusema. Alinitafutia hoja nzuri, akanitetea kwa sauti yake, na nilipostahili kushinda akanipa ushindi. Mimi nilipopata zamu ya kumsemea yeye, nilikuwa na gazeti zima, nikamnyima hata ile elfu moja yake. Nililia pale, mtu mzima, mbele ya vijana wenye mikeka. Mmoja wao akaniletea maji na kusema pole mzee, mkeka umechanika? Nikamwambia ndiyo, umechanika.

Nimefundishwa, na nanyi mmefundishwa, kwamba mtu aliyesitiriwa na Mungu asijianike. Nimelala na fundisho hilo siku tano kabla ya kuandika haya, na jirani yangu wa msikitini atayasoma. Lakini sitara yangu haikutoka kwa Mungu. Nilijifunika shuka nililomvua mwenzangu, na mwenye shuka amezikwa bila kurudishiwa. Na ninyi mnaoandika, mnaohubiri, mnaokaa vikao vya ukoo kumjadili asiyekuwepo, sina la kuwafundisha zaidi ya alilonifundisha mpanga singa: msimtamke mtu daraja lake kabla hamjainuka na kwenda kukaa upande wake, mkamtetea kwa moyo, mkasikia uzito. Kubeti bado nakukemea. Pikipiki ya watu imekwenda, shamba la yule mama halirudi. Ila yule mzee hakuwa wa kundi hilo, nami nilijua.

Mwanangu wa Dar es Salaam, ile makala ulitumiwa kwenye simu, na hii itakufikia hivyo hivyo. Shukrani zako nazirudisha, hazikuwa zangu. Baba yako hakutafuna kiinua mgongo chake. Aliweka shilingi elfu moja kwa wiki, akanywa chai, akarudi nyumbani mapema. Elfu nyingine ilikuwa yangu, na kiti cha pili kilikuwa changu, na niliyajua yote haya siku niliyoandika na siku uliyonishika mikono. Alichokuwa akikifuata dukani ni mtu wa kupima naye, na mtu huyo alikuwa mimi, na nilimwacha. Usijilaumu kwa ile kadi. Uliamini ulichosoma, mlaumu aliyekiandika.

Nimehesabu siku, Alhamisi ni keshokutwa. Nitapanda basi la yule kondakta, nitakaa kile kiti cheupe, na nitamtetea mwenye odi ndogo mpaka maneno yaniishie. Halafu nitainuka nihamie cha bluu, nimtetee mwenzake. Nikimaliza sitaweka hata senti. Nitakuwa na neno moja tu la kusema, miaka mitatu nimechelewa nalo, na wacha vijana wanicheke: mzee wangu, jina langu nililificha, na hapo umenishika.